Kinachokata kazi ya mwanaraga

Mdogo wangu aliumia goti mwezi wa Februari, uwanja ukiwa mkavu kama sakafu ya ghala la mahindi. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa amekumbatia mpira, beki wa upande wa pili akimjia, akakita mguu wa kulia ili amkwepe kwa kushoto, kisha akaanguka peke yake. Nilikuwa kando ya mstari, hatua kumi hivi kutoka pale, na mlio niliusikia: kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya mfuko. Alijikunja chini, mikono yote miwili kwenye goti. Baadaye akainuka, akachechemea mwenyewe hadi kwenye benchi, na mashabiki wakampigia makofi.

"Limeteguka tu," aliniambia. "Wiki mbili nitakuwa nimerudi."

Hakurudi wiki ya pili, ila wiki ya sita alikuwa anakimbia barabarani alfajiri, na ya nane alikuwa uwanjani. Katika mechi ya pili tangu arudi, goti likamtoka tena, na safari hii alibebwa. Alikuwa na miaka 23, winga wa timu moja ya raga ya huku Magharibi mwa Kenya, na sisi nyumbani tulishaanza kuhesabu siku za kumwona na jezi ya taifa. Sasa ana miaka 31. Ukiuliza mtaani kwetu ilikuwaje, utapata jibu moja: goti lilimmaliza.

Jibu hilo nimelala nalo miaka minane na sijalikubali. Kano iliyomkatika, ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa ndani ya goti, ndiyo iliyomkatika David Pocock, flanka wa Australia, Machi 2013, na ikamkatika tena kwenye goti lile lile mwanzoni mwa 2014. Oktoba 2015 Pocock alikuwa Twickenham kwenye fainali ya Kombe la Dunia, na akafunga trai, lile bao la raga. Australia walishindwa na New Zealand 34-17, lakini goti ambalo wengi walidhani limekwisha lilikuwa pale. Kama kano ni ile ile, mmoja akarudi na mwingine hakurudi, basi kilichommaliza mdogo wangu si goti. Nataka kueleza ni nini, kwa sababu kila Jumamosi, kuanzia Nakuru hadi Bungoma, yupo kijana mwingine anayeinuka, anachechemea na kupigiwa makofi.

Ndani ya goti

Nyonga ni mchi ndani ya kinu: mfupa umeingia shimoni na umeshikiliwa pande zote. Goti halina bahati hiyo. Fupa la paja limekalia mfupa wa muundi kama mtungi unavyokalia kichwa cha mama anayetoka mtoni. Mtungi hauanguki kwa sababu shingo, mabega na hatua zake zote zinafanya kazi ya kuutuliza. Kwenye goti kazi hiyo inafanywa na misuli ya paja na kano nne. Mbili ziko pembeni, moja ndani na moja nje. Mbili nyingine zimefichika katikati ya goti na zinapishana kama msalaba, ndiyo maana zinaitwa kano za msalaba.

Ile ya mbele ndiyo inayowatoa machozi wanaraga. Haizidi sana unene wa kidole cha mwisho. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe chini ya fupa la paja. Mtu anayetembea kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu haihitaji sana. Mtu anayekimbia kwa kasi yake yote, akakita mguu na kugeuza mwili upande wa pili, anaiegemeza karibu uzito wote wa ule mgeuko.

Fikiria mkwepo wa winga. Njumu zimeshika ardhi, kwa hiyo wayo hauendi popote. Mwili unageuka. Goti limenyooka kuliko inavyotakiwa na linaanza kulegea kuelekea ndani, kuelekea goti la pili. Wakati huo huo msuli mkubwa wa mbele ya paja unajikaza ili kumzuia asianguke, na ule mkazo wenyewe unauvuta mfupa wa muundi uje mbele. Yote hayo hupita chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kano inavutwa, inazungushwa, inakatika. Ndiyo maana wanaraga wengi huikata bila kuguswa na mtu, na ndiyo maana palikuwa na watu uwanjani siku ile walionong'ona kwamba mdogo wangu ametupiwa jicho. Sikuwalaumu. Ukimwona mtu mwenye nguvu akianguka bila kusukumwa, akili hutafuta wa kumlaumu.

Uwanja mkavu huzidisha hatari kwa sababu njumu hunasa na haziachii, na kwetu Januari hadi Machi ni miezi ya vumbi huku ligi ikiendelea. Raga ya wachezaji saba nayo ina hatari yake. Nafasi ni kubwa, wachezaji ni wachache, kila mmoja anakwepa na kukabiliana akiwa kwenye kasi, halafu timu inayofika fainali ya Dala Sevens pale Kisumu au Prinsloo Sevens pale Nakuru huwa imecheza mechi kadhaa ndani ya siku mbili. Jumapili alasiri misuli iliyokuwa ikilituliza goti imechoka. Mtungi ni ule ule, shingo ndiyo imelegea.

Ili tusidhani haya ni bahati mbaya ya mtu mmoja: uchambuzi mkubwa wa raga ya kulipwa ya wanaume uliochapishwa 2013 ulikuta majeraha 81 katika kila saa 1,000 za mchezaji kuwa uwanjani kwenye mechi. Idadi hiyo ni ngumu kuishika, basi tuigawe. Wachezaji 15 wakicheza dakika 80 ni saa 20 kwa timu moja. Saa 1,000 ni mechi 50. Majeraha 81 kwa mechi 50 ni zaidi ya jeraha moja na nusu kwa kila timu katika kila mechi. Si yote makubwa, mengi humweka mtu nje siku chache tu. Lakini ina maana kwamba klabu inayoanza msimu bila mpango wa majeruhi haijaanza msimu.

Wiki ambazo goti hudanganya

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, hasa kama ni mzazi au mwalimu wa michezo.

Kano za pembeni zikichanika kwa kiasi, huunga. Damu huganda mahali palipochanika, na juu ya ganda hilo mwili hujenga upya. Kano ya msalaba imezama ndani ya majimaji ya goti. Damu inayotoka pale haipati nafasi ya kuganda na kushika, ncha mbili za kano huachana, na kwa kawaida hazikutani tena. Lakini uvimbe hupungua. Maumivu hupungua. Baada ya wiki nne au tano mchezaji anatembea vizuri, na kwa kuwa kukimbia moja kwa moja hakuihitaji sana kano ile, anaweza hata kukimbia kilomita kadhaa bila shida. Anaamini amepona. Wote walio karibu naye wanaamini.

Kisha anakwepa.

Mfupa unateleza, na katikati ya mifupa hiyo miwili kuna magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga ambayo kazi yake ni kupokea uzito na kuugawa. Mfupa unapoteleza huyasaga. Kano inaweza kutengenezwa. Gegedu lililosagika ni vigumu zaidi kulirudisha, kwa sababu sehemu yake kubwa haipati damu, na mara nyingi daktari hulazimika kukata kipande kilichochanika na kukitoa. Goti lililopoteza gegedu huzeeka kabla ya mwenyewe. Watu huku husema goti limesagika, na wako sahihi kabisa.

Kwa hiyo kama ningeulizwa ni siku gani kazi ya mdogo wangu ilikatika, nisingetaja ile siku ya mlio. Ningetaja alfajiri ile ya wiki ya sita, alipofunga kamba za viatu akaanza kukimbia.

Dalili zilikuwepo zote, na hazihitaji mashine kuzitambua. Mlio. Kushindwa kuendelea na mchezo. Goti kuvimba ndani ya saa chache, si kesho yake, kwa sababu uvimbe wa haraka ni damu inayojaa ndani. Mchezaji mwenye dalili hizo tatu achukuliwe kuwa amekata kano mpaka ithibitike vinginevyo. Sisi tulimpeleka hospitali, wakampiga eksirei, tukaambiwa mfupa ni mzima, akapewa dawa za maumivu akarudishwa nyumbani. Jibu lile halikuwa la uongo. Eksirei huonyesha mifupa, na mifupa yake ilikuwa mizima. Ila tuliposikia "mfupa ni mzima" sisi tulielewa "goti ni zima", na hakuna aliyetusahihisha.

Kipimo kilichokosekana kinafanywa kwa mikono miwili. Mgonjwa analala chali, goti limekunjwa kidogo, mkono mmoja wa mtaalamu unashika paja na wa pili unauvuta mfupa wa muundi kuja mbele. Kano nzima hukamata ghafla, kama mlango unaogonga fremu. Kano iliyokatika haikamati hivyo; mfupa unakuja tu, laini. Mtu aliyezoea hukifanya chini ya dakika moja, bila umeme wala foleni. Uvimbe ukizidi misuli hujikaza na kipimo hudanganya, kwa hiyo hufanywa mapema, au hurudiwa wiki moja mbili baadaye. Hapo ndipo MRI, picha inayoonyesha hata kano na magegedu, inapoingia, kuthibitisha na kuonyesha magegedu yako katika hali gani. Mashine hizo ziko Kisumu, Eldoret na Nakuru. Mtu wa Mumias au Webuye atapata nauli ya kufika. Kikwazo ni gharama ya kipimo chenyewe, ndiyo maana yale mikono miwili ingeweza kusema mapema yana thamani kubwa.

Mama alimwita mzee wa kukanda. Simsemi vibaya mzee wetu yule, alikuja jioni tatu mfululizo na mafuta yake na hakutaka malipo. Kukanda kunaweza kulegeza misuli iliyokaza, na mkono wa mtu anayekujali hupunguza maumivu. Lakini hakuna mkono unaoweza kufunga kano iliyokatika ndani ya goti, na kukandwa goti siku za mwanzo, damu ikiwa bado inavuja, huongeza uvimbe. Siku hizo za mwanzo zinataka barafu, bandeji, mguu ulioinuliwa na magongo.

Miezi tisa

Upasuaji wa kano hii haushoni ile ya zamani kwa kawaida. Daktari huchukua kipande cha kano inayoshika msuli mahali pengine, mara nyingi nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, anatoboa njia kwenye mifupa miwili na kukipitisha pale ilipokuwa kano ya kwanza. Kipande hicho hakina uhai wakati kinapowekwa. Mwili hukipelekea mishipa ya damu, hukibomoa kiasi na kukijenga upya. Ajabu yake ni kwamba katika miezi ya kwanza, wakati mchezaji anapoanza kujisikia nafuu, kano mpya huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Goti linadanganya kwa mara ya pili.

Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi michezoni, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena goti kwa asilimia 51. Subira hapa ni tiba yenyewe. Na wakati wa kusubiri mtu halali. Msuli wa mbele ya paja hunyauka haraka ajabu baada ya upasuaji. Unaweza kuushika kwa mkono ukaona tofauti na wa mguu wa pili. Kuurudisha kunataka mazoezi mara kadhaa kwa wiki chini ya jicho la fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi: kwanza kunyoosha goti hadi mwisho, kisha kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuruka kwa mguu mmoja, kutua, kukimbia, na mwisho kabisa kukwepa. Kabla ya kuruhusiwa, mguu ulioumia hupimwa dhidi ya mzima. Kwa kawaida unatakiwa kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu na mruko wa mwenzake.

Mchezaji wa klabu kubwa ya Ulaya anaamka asubuhi na kazi yake siku hiyo ni goti lake. Fizio anamngoja, gimu iko pale, chakula kipo, mshahara unaingia. Pocock hakuwa na mwili wa ajabu kuliko vijana wetu wa Kakamega. Alikuwa na miezi tisa, mara mbili.

Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji miezi 14 baada ya kuumia, kwa harambee ya ukoo na ya kanisa. Magegedu yote mawili yalikuwa yamechanika. Alimwona fizio mara sita, kisha pesa zikaisha, na zoezi lililobaki alilifanya peke yake nyuma ya nyumba kwa kutumia ndoo ya maji. Alilifanya kwa bidii. Nilikuwa namsikia usiku akihesabu.

Aliyeandikwa na asiyeandikwa

Raga iliruhusu rasmi wachezaji kulipwa Agosti 1995. Kwa hiyo kazi ya mwanaraga, kama kazi ya kumlisha mtu, ina umri wa miaka 30 hivi tu, na kwetu bado haijakamilika kuwa kazi. Tuna historia ya kujivunia: Nakuru RFC walitwaa Kenya Cup, ligi kuu ya raga yetu, 2013 na 2014, Kabras Sugar wa Kakamega wakaitwaa 2016, na Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, waliwafunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore Aprili mwaka huo huo. Lakini nyuma ya ushindi, wachezaji wanne walio kwenye skramu moja, ule msukumano wa mafowadi, wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Mmoja ameajiriwa na kampuni inayodhamini timu, ana mshahara, payslipu na bima. Wa pili anapata posho ya mwezi na chumba. Wa tatu anapata marupurupu ya mechi na nauli. Wa nne bado anasoma na klabu inamsaidia karo. Wote wakiumia Jumamosi moja, Jumatatu kila mmoja anaamkia nchi yake.

Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, inayojulikana kama WIBA, ni ya mwaka 2007. Inamlinda mfanyakazi, yaani mtu mwenye mkataba wa ajira. Mwajiri anatakiwa kumkatia bima. Akilemaa kabisa na kwa kudumu, fidia hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Swali linalowagawa wanaraga ni la kwanza kabisa: je, wewe ni mfanyakazi? Barua inayosema klabu "itamsaidia mchezaji" kwa kiasi fulani kwa mwezi haisemi hivyo waziwazi. Hata aliyeajiriwa kama karani wa kampuni, akiumia akiwa na jezi ya timu ya kampuni hiyo, anaweza kujikuta akibishana kama alikuwa kazini au alikuwa michezoni. Ubishi huo huamuliwa na maandishi, na maandishi huandikwa kabla ya kuumia.

Mdogo wangu hakuwa na maandishi. Posho ilikuja miezi miwili, kisha ikakoma. Hakuna aliyemfukuza. Simu zilipungua tu. Wakati huo bima ya umma ilikuwa NHIF na hakuwa ameilipia. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kijana wa miaka 20 mwenye afya ya chuma hawezi kuona umuhimu wake. Klabu ingeweza kuuona kwa niaba yake. Nadhani kuwalipia wachezaji wote mchango huo kabla ya mechi ya kwanza kungekuwa jambo la maana kuliko jezi mpya, na nalisema hili nikijua klabu nyingi zinahangaika kupata hata mafuta ya basi.

Kijana anayeitwa na klabu leo aulize mambo haya kabla ya kutia sahihi, na aulize mbele ya mzazi au mjomba: nikiumia, nani analipa kipimo? Nani analipa upasuaji, na nani analipa fizio baada ya upasuaji, maana hapo ndipo wengi huachwa? Posho inaendelea miezi mingapi? Majibu yaandikwe. Kuuliza si utovu wa nidhamu.

Kichwa na shingo

Nimekaa sana kwenye goti kwa sababu ndilo ninalolijua kwa uchungu. Lakini goti angalau huvimba likaonekana. Mtikisiko wa ubongo hauonekani, hata kwenye picha za kawaida za hospitali. Mara nyingi mchezaji hazimii. Anainuka polepole, anauliza matokeo mara mbili, anasimama mahali ambapo si pake, macho yamemtoka. Nimeona mechi huku kwetu ambapo mtu wa namna hiyo alimwagiwa maji kichwani akarudishwa, na sisi tukamshangilia kuwa ni mwanamume. Tulikosea. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 huko Ireland Kaskazini aligongwa kichwa kwenye mechi ya shule, akaendelea kucheza, akagongwa tena, akafa. Ubongo uliotikiswa ambao haujatulia unaweza kuvimba kwa pigo la pili hata kama pigo lenyewe ni dogo, na vijana ndio walio hatarini zaidi.

Kwa wakubwa madhara huweza kungoja miaka. Steve Thompson, huka wa Uingereza aliyeshinda Kombe la Dunia 2003, alisema Desemba 2020 kwamba amegunduliwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 42, na kwamba haikumbuki fainali ile. Pat Lambie wa Afrika Kusini aliacha raga Januari 2019 akiwa na miaka 28 kwa ajili ya mitikisiko ya kichwa. Mchezaji wa kulipwa anayeshukiwa hutolewa akapimwa kwa dakika 12, na tangu Julai 2022 wengi wa waliothibitishwa hawarudi kabla ya siku 12. Kwa raga ya ridhaa, ambayo ndiyo karibu yote tunayocheza huku, hakuna kipimo cha kumrudisha mtu uwanjani. Ukishukiwa umetoka, na siku hiyo hurudi. Refa akifanya hivyo kwa mtoto wako, mshukuru.

Shingo ni ya mafowadi. Matt Hampson alikuwa propu, mtu wa safu ya mbele ya skramu, wa vijana wa Uingereza. Machi 2005 skramu iliporomoka mazoezini akapooza kuanzia shingoni. Tangu 2013 wanaraga wa safu ya mbele hushikana kabla ya kusukumana, ili ule mgongano wa mwanzo upungue. Kocha wa shule anayewaacha watoto wagongane kama mafahali kwa sababu skramu inapendeza hivyo anacheza na uti wa mgongo wa mtoto wa mtu.

Baada ya kipenga

Sam Warburton wa Wales aliwaongoza Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland, katika ziara mbili, 2013 na 2017. Julai 2018, baada ya upasuaji wa shingo na goti, alijaribu mazoezi ya msimu mpya, mwili ukakataa, akastaafu na miaka 29. Aliondoka na jina, akiba na kazi ya kuchambua mechi. Kwa mdogo wangu kilichobaki ni cheti cha kidato cha nne na watu waliomwita kwa jina la utani la uwanjani. Mwaka wa kwanza hakutaka kupita karibu na uwanja. Wikendi ya Dala alizima simu. Mama aliniambia, "Huyu mtoto hana homa, lakini ni mgonjwa." Sikujua la kufanya zaidi ya kukaa naye, na sasa nafikiri kukaa naye kulikuwa na maana kuliko nilivyodhani. Mtu ambaye tangu darasa la nane ameitwa mwanaraga, ukimtoa raga hujui umwiteje, na yeye pia hajui.

Kilichomtoa ndani ni mwalimu wa shule moja ya upili karibu na kwetu, Vihiga, aliyemwomba aje awasaidie vijana jioni. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaenda, akiwa na sharti moja: mpira usiguswe dakika 20 za kwanza.

Dakika hizo anazitumia kwa programu ya mazoezi inayotolewa na World Rugby, shirikisho la raga duniani, bila malipo, iitwayo Activate. Ni mizani, kuruka, kutua, kugeuka, na mazoezi ya shingo ambapo mwenzako anakusukuma kichwa kwa kiganja nawe unakataa. Haitaki gimu. Utafiti uliofanywa shuleni Uingereza na kuchapishwa 2017 ulikuta kwamba timu zilizoyafanya angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza majeraha ya mechi kwa asilimia 72, na mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 59. Nilipomsomea takwimu hizo alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama wanayafanya na wasichana. Nikamwambia si kwamba wanaweza tu, wanayahitaji zaidi, kwa sababu wasichana huikata kano ile kwa urahisi kuliko wavulana. Wiki iliyofuata alikuwa na vikundi viwili.

Mchana anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi za baridi hushuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani. Jioni anasimama kwenye nyasi na filimbi, vijana wanaruka kutoka kwenye benchi na kutua, naye anaangalia magoti tu. "Yasisalimiane!" anapaza sauti. "Magoti yasisalimiane!" Jumanne iliyopita nilimkuta amemsimamisha winga mmoja mwembamba, mwepesi, ambaye kila akitua goti la kulia linaingia ndani. Alimrudisha kwenye benchi mara saba. Ya nane kijana alitua, magoti yakiwa wima juu ya vidole vya miguu, akageuka kumwangalia.

"Tena," akamwambia.